Wanaume nasi tuna kukoma kama wanawake wakomavyo hedhi, au ni uzee tu?

#1 Mkaa_Baraza
Assalaam alaykum wana ukumbi.

Mie n'na miaka 57, nimestaafu kwa hiari, nakaa Wete. Msimu huu wa karafuu ndio ulionitia wasiwasi. Zamani nikipanda mkarafuu asubuhi nashuka na pakacha limejaa, na usiku bado n'na nguvu ya kukaa na watu tukachambua makonyo. Sasa nusu ya mti tu magoti yanatetema. Nikila mchana nalala, nisipoamshwa Alasiri inanipita. Tumbo limetoka mbele, mikono imekonda. Hasira zimekuwa karibu mno, mjukuu akimwaga chai nshafoka. Na lile jambo jengine, watu wazima mnanielewa, limepungua sana. Bi mkubwa hasemi kitu, na huko kutosema ndiko kunakoniumiza.

Barazani kwetu kuna mmoja kasema, "Mwanamme naye hukoma, ila hana damu ya kumwambia." Mwengine akamkatalia, kasema hayo yametungwa na wauza dawa. Wakabishana wao kwa wao, mie mwenye shida nikasahauliwa. Hebu nambieni, nani mkweli?

#2 Pweza_Mbichi
Waalaykum salaam. Babu, bakuli mbili za supu ya pweza pale Forodhani, tia ndimu na pilipili, uzi ufungwe.

#3 Chumbuni_Dada
@Pweza_Mbichi weye hata mtu akivunjika mguu utamwambia anywe pweza.

Shikamoo mzee. Mume wangu alikuwa vivyo hivyo, na yeye alikuwa hajafika 50. Kulala mchana, kufoka, chumbani kimya. Mie nikajua ana mtu nje, nikamnunia wee. Kumbe sukari. Tuliijua kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Ilipotulia kwa dawa na kupunguza wali, na mengine yakarudi, si yote lakini yakarudi. Kapime sukari kabla hujaanza kutafuta homoni.

#4 Mkaa_Baraza
Marahaba mwanangu. Nimepima, wamesema iko mpakani. Presha n'nayo miaka mingi, nakunywa vidonge. Na usiku naamka kwenda kukojoa mara mbili tatu.

#5 Nesi_Mstaafu
Haya, sasa tumepata pa kushika. Niseme ninayoyajua, nimefanya kazi wodini Unguja na Pemba mpaka nikastaafu.

Homoni yenyewe inaitwa testosteroni. Inatengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa wanawake mambo hukatika: mayai yanakwisha, homoni zinaanguka ndani ya miaka michache, hedhi inasita, wengi karibu na miaka 50. Kwa wanaume ni maji yanayokupwa taratibu. Kuanzia miaka ya thelathini na kitu hivi, testosteroni hupungua kwa wastani wa asilimia 1 kwa mwaka. Tena umri ukisogea, protini moja ndani ya damu inaongezeka na kuishikilia homoni hiyo, kwa hivyo ile iliyo huru, inayofanya kazi, inapungua zaidi kuliko jumla.

Lakini kupungua si ugonjwa. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka 2010 uliangalia wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79. Walipochukua wale wenye homoni iliyo chini kweli NA dalili tatu za chumbani kwa pamoja (hamu kupungua, kushindwa, na maumbile kutoamka alfajiri), walipata asilimia 2.1 tu. Kwa hivyo barazani kwenu wote wawili wana ukweli wao.

#6 Kahawa_Chungu
Asilimia mbili?! Njoo hapa barazani Jaws Corner nikuhesabie. Hiyo ni asilimia ya waliosema kweli.

#7 Hijama_na_Habasoda
Nesi nakuheshimu ila mnaruka jambo. Mtu akifika umri huo damu inakuwa nzito na chafu. Hijama mgongoni itolewe damu, habasoda kijiko na asali kabla ya kulala, tende asubuhi. Mie mwenyewe shahidi. Hizo homoni za maabara walikuwa nazo mababu zetu? Na walioa wakiwa na miaka 70 na wakazaa.

#8 Mwalimu_Kengeja
@Hijama_na_Habasoda kuzaa na miaka 70 hakupingani na alichosema Nesi. Mwanamme hutengeneza mbegu mpaka uzeeni, hiyo ndiyo tofauti na mwanamke. Zinapungua ubora, hazikatiki.

Na hii kiu ya kurudisha ujana ina historia, tena jirani yetu wa Bahari ya Hindi yumo. Brown-Séquard, daktari aliyezaliwa Port Louis, Mauritius, 1817. Mwaka 1889 yuko Paris, ana miaka 72, akajidunga sindano za maji yaliyokamuliwa kwenye korodani za mbwa na wanyama wadogo wa maabara. Akatangaza mbele ya wanasayansi wenzake kwamba nguvu zimerudi, anapanda ngazi mbio, hata mkojo unaruka mbali zaidi. Dunia nzima ikataka sindano hiyo.

#9 Pweza_Mbichi
Mbwa??? Astaghfirullah. Rudini kwa pweza jamani.

#10 Kahawa_Chungu
Mkojo unaruka mbali, alipima kwa futi?

#11 Mwalimu_Kengeja
Alipima kweli, usicheke. Lakini mchuzi ule haukuwa na homoni ya maana. Korodani haiweki akiba, inatengeneza na kuachia, na testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mwaka 1935 huko Amsterdam walipoipata safi kwa mara ya kwanza, walitumia karibu kilo 100 za korodani za fahali wakapata miligramu 10. Kwa hivyo mzee yule alipona kwa kuamini tu. Ndiyo maana neno la "mie mwenyewe shahidi" mie hulisikiliza kwa sikio moja.

#12 Hijama_na_Habasoda
Kwa hivyo Mzungu akiamini ni sayansi, mie nikiamini ni ujinga. Sawa.

#13 Nahodha_Nungwi
Hamjagusa usingizi. Mie mvuvi wa dagaa, usiku kwenye taa, mchana watoto wanapiga kelele silali. Miaka ya dago, kambi za wavuvi, nilikuwa hivyo alivyo mzee, na nilikuwa na 38! Nilipohamia kupeleka watalii kwenye boti mchana, mwili ukarudi. Mzee Mkaa, kuamka kukojoa kila usiku si kunakukata usingizi? Halafu unalalia mchana. Huenda shida yako ni hiyo moja tu.

#14 Nesi_Mstaafu
Nahodha kasema la maana. Testosteroni hupanda tukiwa usingizini, ndiyo maana inakuwa juu asubuhi. Kuna jaribio dogo la Chicago la 2011: vijana 10 wazima wa afya walilazwa saa tano tu kwa usiku, wiki moja, na kipimo chao cha mchana kikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Vijana, wiki moja! Na anayekoroma sana mpaka pumzi inakatika usiku naye aangaliwe, hasa mwenye kitambi.

Mzee, kitambi nacho si pambo. Mafuta ya tumbo yana kimeng'enyo kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni ya kike. Tumbo likikua homoni inashuka, homoni ikishuka tumbo linakua. Kipi kilianza? Hapo hata madaktari wanabishana.

#15 Bi_Shangazi
Nimekaa nawasoma tu, sasa nimechoka. Mwanamke akikoma anavuja jasho usiku, anapika, anafua, analea wajukuu, hakuna anayemfungulia uzi. Mwanamme magoti yakitetema tu, Paris, Amsterdam, Chicago wote wanaitwa.

#16 Chumbuni_Dada
Shangazi 😂😂 umemaliza.

#17 Bi_Shangazi
Na sijamaliza. Wengi wenu nguvu zikipungua hamwendi spitali, mnakwenda kuposa mke wa pili kuangalia kama tatizo ni la bi mkubwa. Miezi mitatu mambo yanakuwa mazuri, kisha yanarudi pale pale, na sasa una nyumba mbili za kulisha.

#18 Mkaa_Baraza
Shangazi mie sina wa pili wala sina uwezo wa wa pili. Endeleeni.

#19 Micheweni_Kwetu
Mbona hamlisemi lile lililo wazi? Mtu anaweza kuwa kafungwa kwa uchawi. Mie n'na ndugu yangu kwa mkewe alikuwa hawezi kitu, kwengine mzima kabisa. Homoni gani hiyo inayojua nyumba? Alikwenda kwa mtu huku kwetu, akafunguliwa. Spitali walimwambia mzima.

#20 Bi_Shangazi
Huko "kwengine" alikuwa anafanya nini ndugu yako?

#21 Micheweni_Kwetu
Shangazi hayo si mada.

#22 Nesi_Mstaafu
Swali la "homoni gani inayojua nyumba" ni swali zuri, sikutanii. Sisi tulikuwa tunauliza: alfajiri maumbile yanaamka? Akisema ndiyo, mishipa na neva kwa kawaida ziko salama, tunatafuta kwenye mawazo, ugomvi wa nyumbani, deni, hofu ya kushindwa tena. Akisema imekatika taratibu mahali pote, tunaangalia mwili. Ndugu yako spitali hawakumdanganya. Wewe waita kufungwa, na aliyemfungua huenda alimwondolea hofu. Sikatai wala sithibitishi.

Lakini kinachokatika taratibu kwa mtu wa 50 na kitu kisipuuzwe. Mishipa ya sehemu hiyo ni myembamba kuliko ya moyo, ikiziba huonyesha mapema. Wapo waliokuja kwa aibu ya chumbani, wakagundulika moyo.

#23 Duka_la_Dawa
Nafanya kazi famasi mjini, sitotaja wapi. Mzee, vidonge vya presha unavyokunywa ni vipi? Baadhi vinagusa mambo haya: vya kuongeza mkojo, na atenololi na ndugu zake. Spironolaktoni yenyewe inapingana na homoni ya kiume, wengine wanaota hata maziwa kifuani kama mwanamke. USIACHE dawa kwa sababu umesoma hapa! Kiharusi ni kibaya kuliko yote tunayoyazungumza. Mwambie aliyekuandikia, zipo za kubadilisha.

La pili, na hili nawaomba msome mara mbili: unga wa kuchanganya na asali, mizizi ya chupa, sijui vumbi la wapi. Dawa nyingi za namna hiyo zikipimwa, katika nchi nyingi, zimekutwa zimetiwa sildenafili, ile dawa ya spitali ya nguvu za kiume (Viagra), kimya kimya. Ndiyo maana "zinafanya kazi". Mtu wa moyo anayetumia dawa za naitreti akaongeza na hiyo, presha inaporomoka, anaondoka. Wateja wanakuja na vikopo wananiuliza "hii haina kemikali?" Mie nitajuaje, hakina hata jina la aliyetengeneza.

#24 Pweza_Mbichi
Pweza hana sildenafili.

#25 Duka_la_Dawa
Pweza ni chakula kizuri, protini na zinki. Chaza wana zinki zaidi. Aliyepungukiwa zinki homoni yake hushuka, lakini asiyepungukiwa haongezi kitu kwa kula sahani tatu.

#26 Kahawa_Chungu
Zinki ya mabati au zinki nyengine?

#27 Mtoro_Muscat
Salaam kutoka Muscat, asili yangu Mkoani. N'na 61. Mie nimetumia hiyo testosteroni yenyewe, kwa hivyo niseme.

Nilipimwa asubuhi mara mbili, ikawa chini mara zote mbili. Daktari akanianzishia jeli ya kupaka mabegani. Akanionya nisimbebe mjukuu wala nisimguse mke hapo nilipopaka mpaka nioge au nivae, maana inahamia kwa mtu. Hamu ilirudi, sikatai. Uchovu? Nusu nusu. Baadaye nikahamia sindano kwa sababu ya joto na jasho la huku. Damu ikawa nzito, chembe nyekundu zikapita asilimia 54 ya damu, akasimamisha. Sasa napunguza uzito na kutembea, sina sindano, na wallahi sioni tofauti kubwa na wakati wa sindano.

#28 Hijama_na_Habasoda
Damu nzito!!! Nilisema nini hapo #7?

#29 Nesi_Mstaafu
Ulisema damu inakuwa nzito kwa umri. Ya Mtoro ilikuwa nzito kwa sindano. Testosteroni husukuma uboho utengeneze chembe nyekundu, na ikipungua mwili huwa na upungufu wa damu. Ni kinyume chake shekhe.

#30 Hijama_na_Habasoda
Na dawa yake ni kutoa damu. Hijama ni nini?

#31 Mtoro_Muscat
Hapo kidogo kakupata Nesi 😂 mie walinambia nikachangie damu.

#32 Kijana_wa_Mazoezi
Mie n'na 29 na nachoma sindano za mazoezini, rafiki ananiletea. Nguvu zipo. Hili linanihusu?

#33 Duka_la_Dawa
Linakuhusu kuliko mzee. Ukiitia kutoka nje, ubongo unaona ipo tele unaacha kuamrisha korodani. Zinasinyaa, mbegu zinapungua mpaka zinaweza kufika sifuri. Ukiacha huchukua miezi, wengine zaidi. Umeoa?

#34 Kijana_wa_Mazoezi
Naoa baada ya Mfunguo Mosi inshallah.

#35 Duka_la_Dawa
Basi njoo inboksi leo.

#36 Nahodha_Nungwi
Swali: sindano hizi si zinaua moyo? Nilisikia hivyo.

#37 Mwalimu_Kengeja
Ilikuwa hofu kubwa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo liandikwe kwenye dawa hizo. Kisha 2023 ukatoka utafiti wa wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80, wenye homoni chini na wenye moyo mbovu au hatari ya kuupata. Waliopewa jeli hawakupata mshtuko wa moyo au kiharusi zaidi ya waliopewa jeli tupu. Lakini mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda mapafuni na figo kudhurika vilizidi kidogo kwa waliopewa homoni. Anayesema ni salama moja kwa moja hajausoma wote, na anayesema inaua pia.

#38 Micheweni_Kwetu
Na kukojoa usiku je? Si ndiyo homoni kupungua hiyo, tezi dume inavimba kwa kukosa homoni.

#39 Nesi_Mstaafu
Hapana. Tezi dume hukua KWA homoni ya kiume, ile testosteroni ikigeuzwa kuwa aina kali zaidi. Mwanamme aliyehasiwa kabla ya kubalehe hapati uvimbe huo uzeeni. Mzee kaamka kukojoa, inaweza kuwa tezi, inaweza kuwa sukari ile ya mpakani, inaweza kuwa kidonge cha kuongeza mkojo anachokunywa magharibi. Kabla mtu hajapewa testosteroni, tezi lazima iangaliwe, pamoja na kile kipimo chake cha damu.

#40 Mwalimu_Kengeja
Niongeze jambo linalonikera. Hii "asilimia 1 kwa mwaka" kwa kiasi kikubwa imetoka kwa wanaume wa Massachusetts. Kuna utafiti wa 2002 uliopima mate ya wanaume wa Boston, Kongo, Nepal na Paraguay. Vijana wa Boston walikuwa juu sana. Wazee wa kote walikaribiana. Maana yake wa Boston alianguka kutoka juu, na mkulima wa Kongo hakuwa na pa kuanguka sana. Sasa mpanda mkarafuu wa Pemba yuko kundi gani? Anayekula boflo na soda Wete yuko kundi gani? Mie nadhani kinachotushusha sisi ni maisha yaliyobadilika kuliko umri wenyewe.

#41 Kahawa_Chungu
Mie nasema ni kustaafu. Mtu kazowea ofisi, anaitwa mheshimiwa, leo anaitwa na mjukuu amshikie baiskeli. Babangu alipostaafu alilala mwaka mzima. Alipopewa kuisimamia madrasa, akaamka. Hakunywa dawa yoyote.

#42 Nesi_Mstaafu
Na hilo lipo. Sonona kwa wanaume hutoka kwa hasira na usingizi mara nyingi kuliko kulia. Na tezi ya shingo ikilegea, uchovu ni huo huo. Ndiyo maana sipendi mtu aanze na homoni ya kiume.

#43 Mkaa_Baraza
Shukran wote. Sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyokuja: sukari, tumbo, usingizi, vidonge, kustaafu, na kufungwa. Kipimo chenyewe mie nilichukua mwezi uliopita maabara moja mjini, nilifika saa tisa alasiri nimeshakula. Wameandika "chini kidogo". Kijana wa pale akaniuzia na vidonge hapo hapo.

#44 Nesi_Mstaafu
Saa tisa, umeshiba! Hicho kitupe. Kinachukuliwa baina ya saa 1 na saa 4 asubuhi, tumbo tupu, maana hata chakula kinaishusha. Kikiwa chini kinarudiwa siku nyengine. Na usiende ukiwa na homa au umetoka kuumwa. Hivyo vidonge vya huyo kijana mpelekee daktari avione, usivinywe. Na nenda na mama.

#45 Bi_Shangazi
Hapo kwa mama ndipo pa kuanzia, ungeniuliza mie tangu #1. Umemwambia haya uliyotwambia sisi?

#46 Mkaa_Baraza
Nimempa simu asome mwenyewe. Kafika #17 kacheka mpaka kalia. Kasema Jumatatu tunakwenda.

#47 Pweza_Mbichi
Mkimaliza Jumatatu, kuna anayejua miamba ya Kisiwa Panza iliyofungwa kuvuliwa pweza inafunguliwa lini? Pweza imepanda bei mjini hainunuliki.

#48 Mkaa_Baraza
Sijui. Nesi, tumbo tupu ni pamoja na kahawa ya alfajiri?

#49 Nesi_Mstaafu
Maji tu.

#50 Hijama_na_Habasoda
Na habasoda ni mbegu, si chakula.

#51 Nesi_Mstaafu
Maji tu!